Wimbo wa Nane wa Albamu ya Kutu

Ujumbe ulinikuta Tunduru, kwenye chumba cha gesti chenye kitanda cha mbao na dirisha linalotazama stendi ya mabasi. Ulitoka kwa mtu nisiyemjua, kijana wa Dar es Salaam anayekusanya muziki wa rap wa zamani na kuuweka mtandaoni. Alikuwa ameikuta albamu yangu kwenye boksi la kaseti za marehemu baba yake. Aliniita Nondo, jina ambalo sijaitwa na mtu kwa zaidi ya miaka ishirini, halafu akauliza maswali mawili. La kwanza, kama namruhusu kuipandisha albamu yote, maana kwa ufahamu wake hakuna rapa mwingine wa Kusini aliyewahi kufoka juu ya magitaa ya hevi metali. La pili aliliandika kwa furaha ya mtu asiye na habari: ile sauti inayopiga ukelele katikati ya wimbo wa nane ni ya nani? Ilimsimamisha nywele, alisema, na angependa kuandika jina la mwenyewe.

Niliizima simu nikaenda kunywa chai. Niliporudi na kuiwasha, swali lilikuwa palepale. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nimekaa Masasi, Songea, Lindi, hata Pemba ya Msumbiji. Nimeuza mitumba, nimepima korosho kwenye maghala, nimechaji simu za watu kwenye kibanda. Kila mji, watoto wa jirani wakianza kuniita kwa jina, najikuta nakunja nguo. Watu wamezoea kusema Hamisi ana miguu isiyotulia, nami nimewaacha waseme hivyo kwa sababu ni maelezo mepesi. Ukweli ni kwamba ipo nyumba moja Mtwara, pale Chikongola, ambayo miaka yote hii nimekuwa naikimbia, na kila mji niliokaa niliupimia umbali wake kutoka kwenye baraza lake. Kesho yake asubuhi nilipanda basi kuelekea huko.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne bila matokeo ya kujivunia, na nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Bi Mwanahawa. Kilikuwa chumba cha kuta za udongo zilizopigwa lipu, bati lake limeliwa na chumvi kiasi kwamba mchana vijitobo vya mwanga vilitawanyika sakafuni kama mtama uliomwagika. Bi Mwanahawa alikuwa mjane, akiuza sokoni ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, kwenye beseni la bluu lililofunikwa kitambaa. Sharti lake la upangaji lilikuwa moja: anayelala kwake anakula kwake. Mpangaji wake, alisema, hawezi kuonekana akila hotelini kama yatima. Kwa hiyo kila jioni, baada ya magharibi, nilikaa kwenye mkeka wa jikoni na ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na siku ya bahati kipande cha pweza. Mazungumzo yake nayasikia mpaka leo: nani ameoza binti, nani amenyimwa shamba na wajomba zake, kwa nini ming'oko ya mwaka huu ina nyuzi. Alikuwa na sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alipocheka, kuku waliondoka.

Binti yake, Somoe, alikuwa ameolewa Madimba lakini alikuja kwa mama yake kila alipopata lifti. Aliniita kaka Hamisi na hakuwahi kuuchukulia muziki wangu kwa uzito. Wakati huo nilikuwa na jina dogo mjini. Nilikuwa nimefoka kwenye sherehe mbili tatu za shule, na kaseti yangu ya kwanza, iliyokuwa kama za wengine wote, ilipigwa kwenye vibanda vya kunyolea. Ningeweza kuendelea hivyo. Aliyeniharibu, au kunitengeneza, alikuwa Zakaria, tuliyemwita Zeka, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita akiwa mgongoni. Zeka alikuwa na gitaa na binamu aliyefanya kazi Afrika Kusini, na binamu huyo alimletea kaseti ya watu wanaopiga magitaa kana kwamba wanaburuta mabati barabarani. Zeka aliuita muziki wa chuma. Siku ya kwanza aliponisikilizisha nilicheka. Ya pili nilinyamaza. Ya tatu nilimwambia kwamba albamu yangu itakuwa hivyo, na itaitwa Kutu, kwa sababu hicho ndicho tulichokuwa nacho kwa wingi: bati, baiskeli, bawaba za milango, kila kitu kilichokaa karibu na bahari yetu kikageuka rangi ya chai.

Studio yetu ilikuwa nyuma ya duka la mnunuzi wa korosho. Alituachia chumba kwa sharti la kumlindia mali, na mali yenyewe ilikuwa magunia matupu ya katani. Tuliyatundika ukutani na darini, matabaka manne, mpaka chumba kikawa kimya kama sikio lililozibwa. Ukikaa humo saa moja unatoka unanuka kamba na vumbi la maganda. Lakini magunia yale yalikuwa ya msimu. Mwanzoni mwa Oktoba korosho zikianza kushuka kutoka vijijini, mwenyewe angekuja kuyang'oa yote, na studio ingebaki chumba cha matofali chenye mwangwi. Kwa hiyo tulikuwa na ukimya mpaka mwisho wa Septemba tu. Zeka hakuwa na vifaa vya kufanya gitaa liungurume, basi alichukua spika ya redio kubwa iliyokufa, akaipasua karatasi yake kwa wembe mara tatu, na kuanzia hapo ikawa inakwaruza kama tulivyotaka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kusaga. Siku moja mlango ulifunguliwa, akaingia mama mmoja na beseni la makopa ya muhogo kichwani, akauliza foleni inaanzia wapi. Zeka akamwelekeza kwa heshima zote, na yule mama akatutazama, akalitazama gitaa, akasema, "Nyie wenzetu mnasaga nini, mawe?" Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Jioni hiyo Somoe alinipakulia ugali akaniuliza kama ni ule niliousaga mwenyewe.

Kufikia Agosti tulikuwa na nyimbo saba ambazo sikuwa nazionea haya. Nilitembea mjini na tepu ndogo ya kurekodia ndani ya mkoba, nikikusanya sauti za kuweka chini ya magitaa: wachomeleaji, minyororo ya kisima, nyundo zikinyoosha rimu za baiskeli. Wimbo wa nane ndio ulionishinda. Uliitwa "Mlango", na katikati yake magitaa yalisimama ghafla, na pale Zeka alitaka ukelele kama wa wale watu wa kwenye kaseti yake. Nilijaribu wiki nzima. Nilitoa sauti ya mbuzi, sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba, kila kitu isipokuwa kile. Koo lilivimba, nikapoteza sauti kabisa. Bi Mwanahawa alinichemshia tangawizi na asali asubuhi na jioni, akinikemea kwamba sauti ni amana na si kitu cha kukwangulia masufuria. Somoe, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, alisema, "Kaka Hamisi, ukitaka kulia kweli, oa."

Wiki mbili baadaye alirudi kwa mama yake na homa. Siku ya nne, alfajiri, akafariki.

Nilikuwa nimetoka kwa wachomeleaji nilipofika nyumbani mchana ule, mkoba begani. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka upande wa baraza, wanawake ndani, na wajomba walikuwa wanapanga nani atabeba. Zeka alikuwa amefika mapema. Alipewa mbele, upande wa kulia. Mimi niliitwa pia. Nikaonyesha mkoba, kama vile mkoba ni kazi, nikasogea pembeni kwenye mtungi wa maji. Jeneza likainuliwa, likavuka kizingiti, na Bi Mwanahawa, aliyekuwa amejikaza tangu alfajiri, akaja mlangoni nyuma yake.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba kidole kilibonyeza chenyewe. Sivyo. Niliona uso wake unabadilika nikajua kinachokuja. Nikafungua mkoba. Nikaangalia kama mkanda una nafasi, nikaona upande ule umekwisha, nikaitoa kaseti, nikaigeuza, nikaifunga, nikabonyeza. Nilikuwa na muda wa kufanya hayo yote. Sauti ilianzia chini, kama mtu anayenyanyua kitu kilichomzidi, ikapanda, ikavunjika, kisha ikapanda tena kutokea pale ilipovunjikia. Haikuwa na neno ndani yake. Mashangazi walimkimbilia wakamziba kwa kanga, wakamrudisha ndani, na mimi niliyekuwa nimekula kwenye chungu chake miezi kumi nilikuwa nimeinama, natazama taa ndogo nyekundu kuhakikisha inawaka.

Bi Mwanahawa alisemwa sana kwa kilio kile. Si kwa ukatili. Mwalimu wa madrasa alimkumbusha kwa upole kwamba kumpandishia maiti sauti si katika mafundisho, lakini dada zake hawakuwa na upole huo, na kaka yake mkubwa, Mjomba Bakari, aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo ule, alimwambia mbele ya watu kwamba ameiaibisha nyumba. Yeye aliyapokea. Tangu siku ile akawa ananong'ona. Jikoni mlikuwa na kimya cha kusikia mkaa unavyopasuka. Jioni moja, akinipakulia, aliniambia kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, mtoto wangu nilimsumbua safari yake. Neno langu la mwisho kwake lilikuwa makelele." Nikamwambia asijali, Mungu anajua. Kaseti ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu.

Nimelifikiria hilo kuliko yote. Uwanjani naweza kusema nilikuwa kijana, nilikuwa nimechanganyikiwa, ingawa nimeshaeleza kwamba sikuwa. Lakini pale jikoni nilikuwa nimeshaambiwa. Nilijua sauti ile ilikuwa nini kwake, nikamaliza kula, nikanawa, kesho yake nikaipeleka studio. Zeka aliicheza mara moja. Akatoa mkono kwenye nyuzi. Aliuliza huyu ni nani, nikamjibu ni mwanamke wa kwenye filamu ya Kinaijeria niliyoazima. Akasema, "Basi Mungu amsaidie hata kama anaigiza." Hakuitambua, na sishangai: tuliifanya nzito kidogo kwenye kompyuta kuukuu tuliyoazima ili ikae na gitaa, na siku ile mlangoni alikuwa na mzigo begani na mawazo yake kwenye hatua za miguu. Tukaiweka katikati ya "Mlango". Ilikaa vizuri. Naona aibu kuandika hivi, lakini ilikaa vizuri mno, na nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi.

Magunia yaling'olewa wiki iliyofuata. Albamu ikatoka, na mjini watu walicheka nyimbo saba za mwanzo. Waliuliza kama Nondo amepatwa na mashetani, kama ameanza kunywa nipa. Wa nane hawakuucheka. Kibanda cha kaseti kilichokuwa mkabala na soko kiliupiga kutwa nzima, na watu walisimama wanapofika mahali pale. Bi Mwanahawa alikuwa na beseni lake hatua thelathini kutoka kwenye spika. Waliokuwepo walisema alikuwa anampimia mteja, akaacha mkono hewani. Alisubiri wimbo uishe. Kisha akalifunika beseni, akajitwika, akarudi nyumbani saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Habari kwamba sauti ile ni ya dada yake ilimfikia Mjomba Bakari, akaitisha watu barazani baada ya swala ya alasiri. Walikuja dada zake, jirani, wazee wawili wa mtaa. Mimi niliulizwa kwanza kwa kuwa jina lililokuwa juu ya kaseti ni langu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nadhani nilikuwa nimejiandaa. Halafu nikaona nyuso zao, nikamwona Bi Mwanahawa kwenye kizingiti, kanga imefunika mdomo, nikafikiria chumba changu na mkeka wa jikoni. Nikasema, "Sauti alizitafuta Zeka. Mimi nilidhani ni za filamu." Sikupanga. Ilitoka nyepesi kuliko ukelele wowote niliojaribu studio.

Zeka akaitwa. Alikuja na gitaa mgongoni, akidhani ameitwa kwa habari njema. Mjomba Bakari hakumpa nafasi ya kukaa. Alimwambia alipokewa katika nyumba ile kama mtoto, akala, akabeba jeneza lao, kumbe alikuwa anachuma. Mtu mmoja nyuma akasema watu wa ng'ambo ndivyo walivyo, na wengine wakaitikia kwa kichwa, watu ambao jana yake walimpigia Zeka hodi awatengenezee redio. Zeka alinigeukia mimi.

"Hamisi. Mimi?"

Nikautazama mkeka. Ulikuwa na ukili wa zambarau uliofumuka pembeni, na nilihesabu miraba yake mpaka niliposikia viatu vyake vikishuka ngazi. Aliliacha gitaa limeegemea ukuta wa baraza. Hakuna aliyeligusa. Niliishi pale wiki tatu zaidi, na kila nilipotoka na kuingia lilikuwa linaniona, nyuzi zake zikianza kushika rangi ya chai. Bi Mwanahawa aliendelea kunipakulia kila jioni. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anakaa mkabala nami mpaka nimalize, akinitazama, kisha anachukua sahani. Nikadhani ananihurumia. Siku moja nikaaga kwamba naenda Masasi mara moja, na sikurudi.

Niliposhuka Mtwara juzi sikuitambua njia. Chikongola imejaa maduka ya vioo. Nyumba niliijua kwa baraza. Bati ni jipya, kuta zimepakwa rangi, lakini baraza ni lilelile la saruji iliyopasuka, na juu yake, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa Mjomba Bakari, mzee sana sasa, kofia imemzidi kichwa. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Hakusikia. Bi Mwanahawa alikuwa jikoni. Amekonda, mgongo umepinda, ila alinitambua kabla sijajitaja. Akanong'ona, kwa sauti ileile niliyoiacha, "Kaa. Hujala." Akanipakulia wali na samaki wa kukaanga. Sikuweza kusubiri nimalize. Nilimwambia hapo hapo, tonge mkononi, kwamba si Zeka, nilikuwa mimi, na Zeka hakujua.

Aliendelea kupanga vijiko.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni, mwanangu. Zeka alishika mbele, mikono yote miwili juu. Wewe ulikuwa kwenye mtungi umeinamia mkoba. Nilikuona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Alinijibu taratibu, akisimama kuvuta pumzi. Walikuwa wamemwambia sauti yake ni aibu, akaapa hataipaza tena. Na siku ile barazani ilihitajika kupazwa, maana wanaume walikuwa wengi na kaka yake ana hasira. Akaogopa. Alidhani mimi nitasema. Kila jioni aliponipakulia alijiambia leo huyu atasema, hawezi kula hivi bila kusema. Kisha akakionyesha kwa kidole chakula kilichokuwa mbele yangu. Mchele ule, alisema, unatoka Kitaya, bondeni. Zeka analima huko, ana wajukuu. Humletea debe kila mwaka kabla ya Ramadhani, lakini hapandi baraza. Humkabidhi mtu pale barabarani, kisha hugeuka na kuondoka.

Niliweka tonge chini. Nikaanza kumwomba radhi, kwa maneno niliyoyatunga njia nzima kutoka Tunduru, mazuri, nadhani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Zeka alisemwa wapi?"

Nikamwambia, barazani.

"Mbele ya nani?"

Nikawataja.

"Na wewe unaniambia jikoni."

Akashika ukuta, akainuka, akatembea mpaka kwenye mlango uleule. Nilimfuata kwa sababu sikujua la kufanya. Akasimama kizingitini, akajaza kifua, akaita. Aliwaita dada zake kwa majina, wawili waliobaki, nyumba ya pili na ya tatu, akawaita jirani, akamwita mama wa kwenye duka la vioo. Sauti ilianzia chini, ikapanda, na mahali pale ilipovunjika nilipajua, kwa kuwa nimepasikiliza mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Milango ikafunguka. Watu wakaja upesi wakidhani kuna msiba, wakajaa uwanjani, na wanawake wazee walikuwa wanamtazama yeye na si mimi, mikono vinywani.

Mjomba Bakari aligeuza kichwa chake kutafuta kilichotokea. Akauliza kuna nini, nani amekuja.

"Kaka yangu hasikii siku hizi," Bi Mwanahawa akaniambia. Akasogea pembeni ya mlango kunipa nafasi. "Itabidi upaze."